Miiba Langoni kwa Paskalina

Wahenga wetu hawakuwa na haya. Walisema mficha uchi hazai, wakasema mbele za watu, nasi tunaandika daftarini bila hata mwalimu kucheka. Maana yake ni kwamba mwenye shida akiona aibu kuionyesha kwa anayeweza kumsaidia, atabaki nayo imle kimyakimya kama mchwa alavyo nguzo. Paskalina aliijua methali hii tangu darasa la tano. Lakini kuijua methali si kuitii. Hata mlevi anaijua njia ya kanisani.

Paskalina, au Mama Sara kama wengi walivyomwita kwa jina la bintiye aliyeolewa mbali, alikuwa mkulima katika miinuko ya Mbulu, ambako baridi ya asubuhi humfanya hata jogoo awike kwa kusitasita. Kicheko chake kilivuka bonde. Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya titi la kushoto. Alitundikiwa dawa hadi nywele zikapukutika, kisha madaktari wa hospitali kubwa mjini wakaliondoa titi, na siku hiyohiyo wakachukua nyama ya mgongoni wakamtengenezea jingine. Akiwa wodini alitunga utani juu ya jambo hilo, utani mzuri kweli, ila hakumwambia mtu. Aliuweka tu, kama mbegu ya msimu ujao.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alimwonya kwamba kidonda cha mgongoni hataweza kukiona mwenyewe. Kila siku mtu amtazame. Pakivimba, pakiwa pa moto au pakitoa usaha, asingoje tarehe ya kliniki, maana madhara yangeweza kufika hadi kwenye titi jipya. Paskalina aliitikia upesi kama mwanafunzi anayesubiri kengele.

Mumewe Sulle, dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano huko Basotu, alimfikisha nyumbani na kukaa naye siku nne. Kila alipotaka kumtazama, Paskalina aligeukia ukuta, akasema muuguzi amekataza kidonda kufunuliwa. Sulle alipokuwa anaondoka, kwa kuwa ruhusa yake kazini ilikwisha, mkewe alimwomba aburute matawi ya miiba aweke langoni, eti ng'ombe wa watu wasiingie. Ukweli ni kwamba aliwaogopa wanawake wenzake, watakaokuja kumpa pole mdomoni huku macho yakimpima kifua.

Sasa, kwa Wairaqw wa zamani, wenyeji wa Mbulu, nyumba iliyopatwa na jambo zito ilijitenga kwa muda. Watu wake hawakuchota maji pamoja na wenzao, ng'ombe wao hawakuchanganyika na wengine, na jirani mwema alionyesha heshima kwa kukaa mbali. Desturi hiyo imefifia, ila haijafa. Majirani walipoiona miiba, wakaelewa walivyoelewa. Wakaiacha njia ya chini, wakapita ya juu, wala hakuna aliyeuliza, kwa kuwa jambo kama hilo haliulizwi.

Paskalina, dirishani, aliwahesabu wakipanda ile njia ya mbali. "Wananikimbia," alijiambia. Alipika ugali kwa mkono mmoja, akala nusu, nusu akampa kuku wake mwekundu, ambaye ndiye aliyebaki kuzungumza naye. Kuku alisikiliza vizuri hadi ugali ulipokwisha, kisha naye akaondoka.

Wiki ya tatu mgongo ulianza kuwa mzito, kana kwamba amebeba mtungi asioweza kuutua. Gauni likawa linalowa upande mmoja. Alijaribu kioo cha kunyolea cha Sulle, akaona sikio. Alijaribu kujipiga picha kwa simu juu ya bega. Ya kwanza ikatoa ukuta, ya pili bati, ya tatu kidole gumba, kikubwa kama kiazi. Alicheka peke yake, na kicheko chenyewe kikamtisha, kwa jinsi kilivyoishia hapohapo chumbani. Sulle alipopiga simu, alimjibu kwamba hajambo kabisa. Asubuhi iliyofuata aliamka anatetemeka, mwili unawaka kama jiko.

Alijikokota hadi langoni. Kule juu Oliva, jirani yake na mtani wake wa miaka mingi, alikuwa akiswaga punda wa maji. Oliva alimwona, akasimama palepale juu.

"Mama Sara, pole. Mnamaliza lini?"

"Tunamaliza nini?"

"Si mmejitenga? Tumeona miiba. Tunawaheshimu."

Paskalina alishika mti wa lango. Kwa wiki mbili nzima alikuwa amewachukia watu kwa heshima yao. Alitamani kusema asante na kurudi ndani. Miguu ilikwisha kugeuka. Lakini mgongo ulikuwa unadunda.

"Hatujajitenga. Niliona aibu tu," alisema polepole. "Oliva, njoo unitazame mgongo. Mimi siuoni."

Oliva alimwacha punda na madumu yake, akashuka, akaiburuta miiba kwa mikono mitupu. Ndani, alilifungua gauni, akainama kutazama.

"Pamevimba kama andazi," alisema. "Na panatoa usaha. Vaa sweta, naita bodaboda."

Hospitalini Mbulu daktari aliyatoa maji yaliyojikusanya mgongoni, akampa sindano na dawa, na kumwambia bila kuzunguka kwamba siku mbili zaidi zingeweza kumpotezea titi jipya, hata uhai. Njiani wakirudi, wamebanana juu ya pikipiki, Paskalina aliutoa ule utani wa wodini.

"Siku hizi nikiwashwa mgongo, najikuna kifuani."

Oliva alicheka hadi dereva akapunguza mwendo.

Si wote waliorudi njia ya chini. Wengine walikwisha kuizoea ya juu, na jioni nyumba ile bado ilikuwa na ukimya mwingi. Lakini lango lilibaki wazi, na kila asubuhi Oliva aliingia bila hodi, akasema, "Geuka," naye Paskalina akageuka. Miiba aliipeleka jikoni mwenyewe, akaichochea chini ya sufuria ya chai ya watu wawili, kwa kuwa sasa aliijua methali kwa mgongo wake: mficha uchi hazai.