Unga Mweupe wa Fisi

Mwaka huo mawingu ya masika yalipita juu ya Bonde la Matete, yakaenda kunyesha kwa wengine. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Mtama ulivumilia, kunde zikaendelea kutambaa kana kwamba hazijapata habari, na mchicha uliota kando ya kijito palipobaki unyevu. Wanyama walikula hivyo hivyo, bila kushangilia.

Bi Ngiri alikuwa mmoja wao. Alikuwa na pua ngumu ya kuchimbia na watoto wa kulisha, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kulalamika.

Ndipo Fisi alipotokea sokoni na magunia.

"Unga mweupe!" akatangaza. "Umetoka mbali!"

"Mbali wapi?" Bi Ngiri akauliza.

"Mbali sana," Fisi akajibu, na wanyama wakaridhika.

Fisi hakutaka malipo makubwa. Alipokea kunde, mtama na karanga, gunia kwa gunia. "Nawasaidia tu kuviondoa," alisema. "Ni vyakula vya kimaskini, vinawatia aibu."

Simba, ambaye hakupenda kula kitu kilichoota mahali raia wake wanapokanyaga, aliagiza ugali mweupe siku hiyo hiyo, akaula hadharani. Baada ya hapo kila nyumba iliutaka. Majembe yakatundikwa.

Bi Ngiri alikaza kamba mpaka watoto waliporudi kutoka mchezoni wakiwa wamenuna.

"Mama, kina Swala wanakula ugali mweupe. Wanatucheka."

Akatoa mtama na kunde zake ghalani, akaleta unga. Watoto wakashiba haraka kuliko kawaida, naye akashukuru.

Shukrani hiyo haikudumu. Kitindamimba wake, Kipua, ndiye aliyeanza kuugua. Aliacha kukimbia, kisha akaacha kutembea. Tumbo lilikaza kama ngoma na manyoya yakapukutika. Bi Ngiri alimkanda kwa maji ya moto huku akimwimbia.

Alikuwa amebakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu za kunde. Fisi akazisikia habari zake, akaja mlangoni.

"Mbegu za nini, mama, na mvua hakuna? Nipe, nikuletee gunia zima."

Aliinama kuchungulia kibuyu. Bi Ngiri akavuta pumzi. Pua yake, iliyozoea kutafuta viazi chini ya ardhi, ilikuta kwenye sharubu za Fisi harufu ya kunde zilizoungwa kwa karanga. Za jana usiku, na za asubuhi pia.

"Bado nafikiri," akasema, akafunga mlango.

Alimkuta Sungura amelala kivulini. Sungura alikuwa na akili nyingi na hakupenda kuzichosha.

"Fisi hali unga wake," Bi Ngiri akamwambia.

"Una ushahidi gani?"

"Pua."

"Simba hatasikiliza pua," Sungura akasema bila kufungua macho. "Atasikiliza sifa. Mimi nitapata nini?"

"Sahani ya kunde."

Sungura akafungua macho.

Jioni hiyo alikwenda kwa Simba. "Mtukufu, raia wanataka kumfanyia Fisi karamu ya shukrani. Mle naye sahani moja."

"Kwanza wanishukuru mimi," Simba akasema.

"Ndiyo shabaha yenyewe, Mtukufu."

Siku ya karamu Bi Ngiri alisimama mbele ya chungu kitupu, kibuyu mkononi. Akizipika zile mbegu na Fisi asinaswe, hapatakuwa na cha kupanda. Alimtazama Kipua aliyelala mkekani. Akamimina zote.

Ugali mweupe ulipelekwa kwa wakubwa. Chungu cha kunde kikawekwa nyuma, upande upepo unakotoka.

"Karibu, Bwana Fisi," Sungura akasema. "Unawe."

"Leo nimefunga," Fisi akajibu.

Sungura akaanza hotuba ya kumsifu Simba. Ilikuwa ndefu, na Simba hakuona neno la kupunguza. Upepo ukavuma. Pua ya Fisi ikacheza, mate yakamdondoka, na hotuba ilipofika kwenye ndevu za mfalme, kiti cha Fisi kilikuwa wazi.

Walimkuta nyuma, kichwa chote ndani ya chungu, na chungu kimegoma kutoka.

"Fisi," Simba akauliza, "si umefunga?"

"Nimefunga," chungu kikajibu.

"Unatafuna nini?"

"Nanusa tu, Mtukufu."

Simba akaagiza avuliwe chungu, kisha akamshikia tonge la ugali mweupe. "Kula chako."

Fisi, ambaye aliwahi kula kamba aliyofungiwa, alilitazama tonge, akayatazama meno ya Simba, akarudi nyuma.

"Mtukufu, huo ni udongo," akasema. "Udongo mweupe wa nyuma ya pango langu. Nilitia na mahindi kidogo, kwa adabu."

Simba alikumbuka sahani zote alizokula mbele ya watu.

"Mimi nilijua?" akamnong'oneza Sungura.

"Tangu mwanzo, Mtukufu."

"Ndivyo nilivyodhani," Simba akasema. Akaamuru ghala la Fisi lifunguliwe, kila nyumba irudishiwe chakula na mbegu zake, na Fisi ateke maji kijitoni kumwagilia bustani za wote aliowadanganya.

Bi Ngiri alirudi na mtama na kunde zake. Alimnywesha Kipua uji mwepesi wa mtama, kisha mchuzi wa kunde, kisha mchicha, kidogo kidogo. Tumbo likalegea. Asubuhi moja Kipua akawapita ndugu zake mbio kuelekea shambani. Mama yake alisimama akamtazama mpaka macho yakajaa maji, halafu akamfokea kwamba anakanyaga miche.

Sokoni, wanyama walianza kununua kwa majirani waliowaona wakilima. Mfanyabiashara mgeni alipofika na magunia yake, Bi Ngiri ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsogelea.

"Huu unga wanao wanaula?" akamuuliza.

"Wanangu wana chakula chao," mgeni akasema.

"Basi nenda kwao ukalete hicho," Bi Ngiri akamwambia. "Usichowapa wanao, usiwape wangu."