Kucha za Juu ya Msonobari

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakiamkiana shikamoo, aliishi Bi Kindi, mjane mwenye watoto wanne na mkia mrefu kuliko kiwiliwili chake. Kwao kulikuwa kwenye milima ya baridi, kule ambako theluji ikianguka hakuna jani wala tunda, na asiye na akiba hufa. Kwa hiyo kiangazi kizima alikusanya mbegu za msonobari akazifukia chini ya mizizi ya mti mmoja mkubwa.

Mti huohuo ndio Bwana Dubu aliokuwa akijikunia mgongo. Chwara! Chwara! Kisha husimama kwa miguu miwili, akapiga kucha juu kabisa ya gome, akaenda zake amejaa majivuno.

Siku moja akanusa ghala. Akafukua, fuku fuku fuku! Akala robo nzima.

"Shikamoo, Bwana Dubu," akasema Bi Kindi kwa hasira. "Hicho ni chakula cha wanangu."

"Marahaba. Nanenepa, mama. Theluji ikianza naingia pangoni, nalala miezi mitano bila kutia kitu kinywani. Hebu nihurumie!"

"Na sisi tule nini?"

"Aa! Mwenye nguvu mpishe. Kesho namalizia."

Machozi yakamlenga Bi Kindi, lakini akayameza.

"Na akija dubu aliyekuzidi nguvu?"

Dubu akacheka, ho! ho! ho! "Sisi watu wa heshima hatupigani ovyo. Mgeni hutazama kucha zangu mtini. Akijinyoosha asizifikie, anajua mwenye mti ni mkubwa kwake, anaondoka bila hata kupiga hodi."

"Kumbe! Hata uso kwa uso hamuonani?"

"Uso wa nini? Kucha zinatosha."

"Ahsante kwa elimu, bwana."

Dubu alipokwenda kunywa maji mtoni, Bi Kindi akapanda mti, akapita alama za Dubu, akapanda tena kidogo. Akaguguna gome, gugu gugu, mpaka ikatokea mistari mitano mirefu. Meno yalimuuma kweli. Kisha akachukua manyoya ambayo Dubu mwenyewe aliyaacha kwenye gome alipojikuna, akayabandika huko juu kwa utomvu.

Asubuhi Dubu akaja na njaa yake. Akatazama juu.

"Lo!"

Akajinyoosha. Wapi! Akasimama kwa ncha za vidole. Wapi! Akanusa, fff! fff!

"Harufu hii ni ya ukoo wetu," akanong'ona. "Inafanana na yangu mno. Tena ni ya dubu mzuri, wa damu bora."

"Alipita alfajiri," akasema Bi Kindi kutoka tawini. "Kaenda kunawa tu, anarudi kula."

"Kula nini?"

"Hakusema. Aliuliza tu kama umenenepa."

Dubu akapiga miayo mikubwa ya uongo. "Unajua, mama, usingizi umenishika ghafla."

"Mbona theluji haijaanguka?"

"Usingizi hauna miadi! Mwambie mimi ni mpita njia."

Akatimua mbio, gubu! gubu! gubu! Akaingia pangoni mwezi mzima kabla ya wakati, tumbo nusu. Huku nyuma watoto wanne walikula mbegu mpaka wakalala wamelaliana, na mama yao akalia, safari hii kwa furaha.

Theluji ilipoyeyuka, Dubu akatoka, ngozi inamning'inia. Akaja kwa kunyata, akasimama mbali na msonobari.

"Bi Kindi! Yule bwana mkubwa bado yupo?"

"Yupo, amelala. Punguza sauti."

"Nisalimie," akasema Dubu, akainamisha kichwa mbele ya manyoya yake mwenyewe, akarudi nyuma polepole.

Basi wanangu, shikeni hili: anayetawala kwa vitisho, ipo siku atakimbia kivuli chake.