Ngwe ya Mama Kindi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na wewe unayesinzia, fumbua macho. Hapo zamani za kale, wanyama walilima shamba moja. Kila mmoja alipewa ngwe yake, na asiyeimaliza kabla ya jua kuzama hakupata mbegu.

Jumbe wao alikuwa Tembo. Siku ya kulima akazipima ngwe zote kwa hatua zake mwenyewe, ti! ti! ti! Ya Nyati hatua kumi, ya Swala hatua kumi, na ya Mama Kindi, mjane mwenye watoto wachanga, hatua kumi vilevile.

"Jumbe wangu," Kindi akalalamika, "hii siimalizi hata kwa mwezi. Wanangu watakula nini?"

"Kipimo ni kimoja," Tembo akamkatiza. "Sawa kwa sawa!"

Kindi akalima. Akalima. Akalima. Kufika adhuhuri viganja vimemchubuka, na ngwe bado inamkodolea macho.

"Chakula!" Tembo akanguruma.

Zamu ya kupakua ilikuwa ya Kindi. Akautazama uji wa mtama unavyofuka chunguni, akawakumbuka wanawe. Akaokota gamba la konokono, akalisuuza, akaanza kupakua. Nyati gamba moja. Swala gamba moja. Tembo gamba moja.

"Nini hiki? Hata ulimi haujalowa!"

"Kipimo ni kimoja, Jumbe wangu. Sawa kwa sawa!"

"Niongeze!"

"Sawa kwa sawa!"

"Mama Kindi, tafadhali, njaa inaniuma!"

"Na wanangu je? Wao njaa itawabembeleza?"

Nyati akaangua kicheko, shamba zima likamfuata. Masikio ya Tembo yakalegea kwa aibu. Lakini nampa haki yake, hakununa.

"Nimekosa," akasema mbele ya wote. "Kila mtu apime ngwe yake kwa hatua zake. Na kila mtu ale ashibe."

Kindi akapima, tu! tu! tu! Lahaula! Hatua zake kumi alikuwa ameshazilima tangu asubuhi, akazipita! Wa kwanza kuliko wote!

Vigelegele vikapasua anga. Tembo akampandisha kichwani, akamzungusha shamba zima, naye Kindi kakumbatia mbegu zake, analia na kucheka kwa pamoja. Msimu uliofuata, mgawaji wa ngwe alikuwa yeye, na aliyempendekeza ni Tembo.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami koo limenikauka.