Jino la Fisi Juu ya Paa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na milango na wakiazimana chumvi, Fisi aliishi na mama yake katika nyumba ya makuti. Ndani ya makuti hayo aliishi Bi Panya na watoto wake sita, wasiomsumbua mtu ila kidogo tu.

Fisi alikuwa amechumbia. Mwezi uliofuata angekwenda ukweni, na kwa mafisi bwana harusi huvunja mfupa mbele ya wakwe, kisha hutabasamu wamhesabu meno. Mwenye pengo hurudishwa kwao na kapu lake la zawadi.

Asubuhi moja Fisi akataka soda. Ndiyo, soda zilikuwepo, msinikatize.

"Ngoja nikutafutie opena," mama yake akasema.

"Opena ya nini, mama, na meno ninayo?"

Akaing'ata chupa. Prak! Kizibo kikabaki palepale. Jino la mbele ndilo lililoruka, likatua mchangani, pu.

Mama akampa kitambaa safi aking'ate, damu ikatike. "Sasa twende kwa Pimbi, fundi wa meno. Upesi."

"Pimbi ana koleo," Fisi akasema. "Siendi."

Akakumbuka walivyofanya utotoni. Akaliokota jino, akalirusha juu ya paa. "Panya, chukua la zamani, nipe jipya! Na jua likifika utosini sijalipata, nayachoma haya makuti, wewe na wanao humohumo."

Kwamba nyumba ilikuwa yake mwenyewe, hilo hakulifikiria.

Huko juu jino lilianguka karibu na kitanda cha mtoto wa mwisho. Bi Panya alikuwa amesikia kila neno. Miaka yote kazi hii ilikuwa rahisi: meno ya utoto yaling'oka, mapya yakaota yenyewe, yeye akasifiwa bure. Lakini Fisi huyu alikuwa na ndevu. Hapakuwa na kitu cha kuota pale.

Hata hivyo, aliwahi kumsikia Pimbi akisema kwamba jino lililotoka zima na mzizi wake hurudishika, mradi lisikauke na lisicheleweshwe.

Mtoto wa mwisho alikuwa ameshachota majivu alisugue.

"Acha! Mzizi hausuguliwi wala haushikwi," Bi Panya akasema. Akalishika kwa kichwa, akalitumbukiza kwenye kikombe cha maziwa ya mbuzi.

"Na uji wetu, mama?"

"Leo mtaunywa hivyohivyo. Afadhali uji mtupu kuliko mkia kuungua."

Akashuka mbio. "Bwana Fisi, jino jipya limepatikana. Limo humu kwenye maziwa."

"Lete nilione."

"Weee! Mwenyewe akilitazama kabla halijapandwa, huota kinyumenyume. Na mpandaji ni Pimbi peke yake."

"Nimesema siendi kwa Pimbi."

"Hakuna neno. Nitampa Nyani, amenisumbua tangu juzi."

Fisi akakinyakua kikombe. "Nani kasema silitaki?" Akatimua mbio, Bi Panya begani, akimwambia awahi na wakati huohuo asimwage.

Pimbi akachungulia kikombeni, akamtazama Bi Panya. Bi Panya akamkonyeza.

"Jino zuri hili," Pimbi akasema. "Fumba macho."

Akampiga ganzi, akalirudisha jino shimoni taratibu, akalifunga na majirani zake kwa waya mwembamba. "Wiki mbili utakula uji na viazi vya kupondwa, kisha urudi niutoe waya. Mswaki laini. Mifupa ni ya magego. Na ukifungulia chupa jino hili, Panya hana jingine."

"Na mwenye jino jipya hachomi makuti," Bi Panya akaongeza harakaharaka. "Likinusa moshi, linang'oka." Pimbi akageukia ukutani, mabega yakimcheza kwa kicheko.

Siku ya ukweni ikafika. Fisi akavunja mfupa kwa magego, akatabasamu, wakwe wakahesabu, yakatimia. Vigelegele! Lakini mama yake akasogea, akamkodolea macho.

"Mwanangu, mbona jipya hili lina kona iliyomeguka? Si ile uliyoimegua kwa chupa mwaka juzi?"

Fisi akapitisha ulimi. Kona ilikuwepo. Akageuka polepole kwenye kapu la zawadi, alipoketi Bi Panya na kipande cha keki.

"Ndilo lako," Bi Panya akasema. "Ningekwambia kweli, ungekwenda kwa Pimbi?"

Watu wote wakamtazama Fisi. Aliona haya, kisha akaona afadhali. Baba mkwe akamkabidhi soda baridi. Akaigeuzageuza mkononi.

"Jamani," akasema, "opena iko wapi?"

Basi wanangu, jino la ukubwani likitoka, liende kwenye maziwa na kwa fundi, si juu ya paa.