Digidigi Awapima Pancha Wakubwa wa Mtoni

Hapo zamani za kale, ila si kale ile ya mbali sana, maana baiskeli zilikuwa zimeshafika na kila njia panda palikuwa na fundi wa kuziba pancha, aliishi Digidigi. Mnamjua? Ni mnyama mdogo, kama mbuzi aliyesahau kukua, mwenye miguu myembamba na macho makubwa. Tulieni basi, nyie mnaosukumana hapo nyuma, niwasimulie.

Digidigi alikuwa mpishi wa uji katika shule ya chekechea ya Mwalimu Kobe, ng'ambo ya kilima. Kutoka kwake hadi shuleni ni mwendo wa saa nzima kwa baiskeli, na kila asubuhi aliukata peke yake.

Kabla ya kutoka alikuwa na taratibu zake. Kwanza anabonyeza matairi, bonyo, bonyo. Yakiwa yamelegea anachomoa pampu: fyuu, fyuu, fyuu. Anatia tone la mafuta kwenye mnyororo. Anakunja mguu wa kulia wa suruali na kuufunga kwa mpira, usije ukaliwa na mnyororo. Anavaa kofia ngumu aliyoitoboa matundu mawili ya masikio. Mwisho anafunga mfuko wa unga wa ulezi kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, anavivuta mpaka vinalia ng'wii. Halafu anapiga kengele, kring, ingawa uani hakuna wa kumpisha. Aliipenda tu sauti yake.

Na kazi yake aliipenda hivyo hivyo. Wale watoto wa chekechea walikuwa wakimwona tu anakata kona, wanaanza kugonga vikombe.

Sasa, njiani kulikuwa na Mto Kokoto, na kwenye Mto Kokoto kulikuwa na daraja la magogo, na kwenye daraja kulikuwa na Kiboko.

Jumatatu Kiboko alisimama katikati ya daraja akasema, "Wewe binti, nipakie. Naenda sokoni kutazama matikiti."

"Mzee wangu, baiskeli hii ni ya mpishi, si lori."

"Nimekuuliza ni ya nani?"

Akakaa kwenye keria. Spoku zikakatika, ting, ting, ting, nane kwa mpigo. Digidigi akafika shuleni akisukuma, na amechelewa.

Jumanne, spoku mpya zimeshatiwa, Kiboko alimleta rafiki yake Nyati. Mmoja nyuma, mmoja kwenye bomba la mbele, na Digidigi katikati amebanwa kama nyama ndani ya sambusa. Hawakufika hata mita kumi. Tyubu ya nyuma ikapasuka, pwaa, na wale wazee wakashuka wakaenda zao huku wakilaumu ubovu wa baiskeli.

Siku hiyo Mwalimu Kobe alimngojea getini na funguo mkononi.

"Digidigi," alisema, "nyumba yangu ni hiyo hapo nyuma ya jiko. Natoka alfajiri ili nifike hapa saa moja. Sijachelewa hata siku moja, na mimi ni kobe. Wewe una magurudumu mawili."

"Mwalimu, kule darajani kuna..."

"Watoto wamekunywa maji badala ya uji siku mbili. Kesho saa moja kamili nafunga geti. Ukikuta limefungwa usigonge. Acha mwiko wa shule hapo ukutani, urudi nyumbani."

Digidigi alirudi kwake akiwa na huzuni kweli kweli. Jioni akaipindua baiskeli, matairi juu, akaitoa ile tyubu kuiziba. Tundu kubwa akaliona kwa macho, akalibandika kiraka. Ila fundi haridhiki na tundu moja. Akaijaza tyubu upepo, akaizamisha ndani ya beseni la maji, akawa anaizungusha pole pole. Mnajua kwa nini? Penye tundu hata liwe dogo kama ncha ya sindano, mapovu hutoka. Na kweli yakatoka: bu-bu-bu-bu.

Digidigi akayatazama yale mapovu. Akayatazama tena. Akaanza kucheka peke yake mpaka jirani akachungulia dirishani.

Jumatano asubuhi akafika darajani mapema, kringi kringi. Wazee wote wawili walikuwa wanamsubiri.

"Shikamoo Mzee Kiboko. Shikamoo Mzee Nyati."

"Marahaba," wakaitika. "Shusha huo mfuko, tupande."

"Hakuna shida, wazee wangu. Ila kuna jambo linanitia hofu, na si hofu ya baiskeli. Nawahofia nyinyi."

"Sisi?" Nyati akauliza.

"Jana nimeipima ile tyubu. Haikuwa na kosa lolote. Tyubu nzima haipasuki hivi hivi, isipokuwa imekaliwa na abiria mwenye pancha. Upepo wake na upepo wa tairi huvutana, vuta nikuvute, mwisho pwaa."

Kiboko akageuka kujitazama nyuma. "Abiria naye anapata pancha?"

"Mzee, naomba uniambie ukweli. Siku hizi ukipanda mlima, pumzi haikati?"

Kiboko akafikiri. "Inakata."

"Ukishakula ukakaa, huhisi upepo ukitoka kidogo kidogo?"

Kiboko akatazama pembeni. "Huwa unatoka," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi unavuja, mzee wangu. Na aliyevuja hapakiwi mpaka azibwe. Tukupime, ni dakika moja tu."

Nyati hakuwa mwepesi hivyo. Alikunja uso akasema, "Ngoja kwanza. Na wewe mwenyewe umeshapimwa? Ingia majini tukuone."

Hapo Digidigi alishtuka kidogo, maana hakuwa mnyama wa maji. Lakini akavua kofia, akavuta pumzi, akatumbukiza kichwa mtoni, chubwi. Akabana pua. Akabana mdomo. Maji baridi yakamwingia masikioni. Moja, mbili, tatu, Nyati akahesabu mpaka kumi na mbili, na juu ya maji hapakutokea hata povu moja.

"Ni mzima," Kiboko akasema, kwa wivu.

Digidigi akainua kichwa, akahema, akatupia jicho saa yake ya mkononi aliyoifunga kwenye usukani. Saa kumi na mbili na nusu. Kilima chote bado kilikuwa mbele yake.

"Zamu yako, mzee. Ila tyubu haipimwi tupu. Jaza upepo kwanza."

Kiboko akajaza upepo. Akajaza kifua, akajaza tumbo, mashavu yakawa maboga mawili. Akazama, gubuuu. Maji yakatulia. Kiboko ana pumzi ndefu, hilo kila mtu analijua, na angeweza kukaa kule mpaka uji wa Alhamisi uive.

Digidigi akainama ukingoni, akasema kwa adabu sana, "Shikamoo, Mzee Kiboko."

Sasa nawauliza, kuna mzee gani anayeamkiwa akanyamaza? Atasinzia, ataumwa, lakini shikamoo ataipokea.

"Marahabaaaa," Kiboko akaitika kutoka chini ya maji, na mapovu yakapanda: bubu-bubu-bubu-bubu, makubwa kama sahani.

Akaibuka. "Vipi?"

"Pole sana, mzee," Digidigi akasema.

"Ni mengi?"

"Muulize mwenzako."

Nyati akakubali kwa kichwa. "Ni mengi. Yaani mto ulichemka." Kisha akakohoa. "Kwa hiyo leo huyu abaki. Nipande mimi peke yangu."

Digidigi akaitazama saa tena. Saa ilikuwa inakimbia, na huyu wa pili alikuwa na akili zaidi ya wa kwanza. "Sawa, mzee," alisema. "Tukupime haraka, uende."

"Nipime. Mimi sina tundu." Na alipokuwa anaingia majini Nyati alijiambia moyoni: hata niamkiwe na kijiji kizima, siitiki.

Akajaza upepo, akazama. Kimya.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

Kimya. Hata kipovu.

"Shikamoo, Mzee Nyati, umeamkaje?"

Kimya. Kiboko pale ukingoni alianza kusikitika, kwa sababu hakutaka kuwa mgonjwa peke yake.

Digidigi akamgeukia akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye matope ya chini, "Mzee Kiboko, nimemwamkia mara mbili haitiki. Sasa nimeelewa. Kumbe si mzee. Nimekuwa nikimpa shikamoo bure miaka yote hii." Akainama tena kwenye maji. "Mambo vipi, dogo?"

Jamani wanangu. Dogo. Nyati mwenye wajukuu thelathini na wanne, mwenye pembe zilizoota ukoga.

"DOGO NI NANI?" Nyati akanguruma huko huko chini, na mto ukalipuka mapovu, bubububububu, mengine yakaruka mpaka juu ya daraja. Samaki mmoja akatua kwenye keria, Digidigi akamrudisha.

Nyati akaibuka anatweta. "Umenisemesha wewe! Yale si mapovu ya pancha!"

"Mimi nimeyaona," Kiboko akadakia, uso umemchangamka. "Ni mengi kuliko yangu. Pole sana, ndugu yangu. Njoo tukae."

"Lakini..."

"Mlimani pumzi haikukati?"

Nyati akakumbuka mlima wa mwisho alioupanda. Ilikuwa inakata.

Digidigi hakupoteza hata nukta. Akafungua kimkoba chake chini ya kiti. Akatoa tupa, akakwaruza pua ya Kiboko, kwaru kwaru, akakwaruza ya Nyati. Akapaka gundi. Akabandika kila mmoja kiraka chekundu kwenye tundu la kulia la pua. Juu ya kiraka akaweka jiwe, kama mafundi wanavyobana.

"Kaeni hapa, mtazame jua, ndiyo litakausha gundi. Pumueni kwa tundu la kushoto, pole pole. Msitikisike, msiseme, msiitike hata shikamoo. Jioni nikipita nitagusa."

"Asante, mwanangu," Kiboko akasema.

"Nimesema msiseme."

Akavaa kofia, akaruka kwenye kiti, huyoo! Darajani, kata kata kata kata. Kilimani akasimama juu ya pedali, mnyororo ukalia nge, nge, nge. Saa moja kasoro dakika nane. Kofia imemwinamia upande, sikio moja ndani, moja nje. Kileleni akanyanyua miguu akaiachia baiskeli ishuke yenyewe, vuuuu, unga wa ulezi unavuja kidogo kidogo nyuma yake na kuacha mstari njiani. Akaanza kuimba, kwa furaha tu, wimbo usio na maneno.

Pale shuleni Mwalimu Kobe alikuwa ameshaanza kufunga geti. Lakini kumbukeni aliyekuwa analifunga. Alisukuma hatua moja, akapumzika. Akasukuma ya pili, akapumzika. Uwazi ukabaki wa upana wa digidigi mmoja na usukani wake.

Kring, kring, kriiing. Akapita, madigadi ikikwaruza nguzo.

Mwalimu Kobe akatazama saa ya ukutani. Saa moja kamili, mshale haujapita hata kidogo.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, Mwalimu."

"Una maji masikioni."

"Nilikuwa napimwa, Mwalimu."

Mwalimu Kobe alimwelekeza jikoni kwa kidole, na watoto wakagonga vikombe mpaka paa likalia. Uji wa siku ile Digidigi aliutia karanga za kusaga, na hakuna aliyebakiza.

Jioni alirudi polepole, baiskeli yake nyepesi, mfuko mtupu. Alipokaribia mto akaona foleni ndefu. Tembo alikuwepo, Kifaru alikuwepo, hata Pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, alikuwepo na mke wake. Mwanzoni mwa foleni walikaa Kiboko na Nyati, mawe puani, na viraka vyao vyekundu.

Kiboko alikuwa akimwambia Tembo kwa pembe ya mdomo, "Baiskeli ya yule binti usiiguse kabisa kabla hujapimwa. Sisi wakubwa tunavuja sana. Ni ugonjwa wetu."

Digidigi akagusa viraka, cha Kiboko, cha Nyati. "Bado kidogo," alisema. Kisha akawapima wote mmoja mmoja, akiwaamkia kwa heshima zote, na kila mmoja mapovu yalimtoka, maana walikuwa watu wazima wenye adabu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa tena kwenye keria yake. Wakitaka matikiti, wakubwa wa Mto Kokoto huenda sokoni kwa miguu, kwa msafara, kila mmoja ameziba pua kwa kidole ili asiishiwe upepo kabla ya kufika. Na Digidigi akiwapita husema shikamoo wazee wangu, na wao humpungia mkono ulio huru, wala hawaitiki.

Basi wanangu, ukiwa na mwili mkubwa usimgeuze mdogo kuwa gari lako, maana mdogo anapokubeba ana njia nzima ya kufikiri atakavyokushusha.