Gari Lililoacha Kukohoa

Ukibadili mlio, yaarifu masikio.

Maneno hayo mmeyasikia asubuhi kwa mzee Kiariro, pale mwenyekiti wa kikundi cha tangawizi alipohamishia mizani ghalani bila kuwaambia watu wa bondeni, nao wakangoja juani na magunia yao njiapanda. Mzee hakumtukana mwenyekiti. Alisema hayo tu, akajitwika gunia lake akaondoka. Ninyi mkacheka, na sasa mmekuja kuniuliza methali hiyo imetoka wapi, maana mlidhani ni ya ngoma. Si ya ngoma. Ni ya gari, na aliyeizaa ni kaka yangu Mbonea. Ketini. Endeleeni kumenya hizo tangawizi. Kazi ni ya mikono, masikio nipeni mimi.

Ilianza hivi.

Kabla simu hazijapanda milima hii ya Upare, gari letu lilikuwa moja tu, Landrova ya mzee Senkondo wa Msheko, kijiji kilichoko juu kabisa. Kila alfajiri aliteremka nalo mjini, na alasiri akarudi. Lilikuwa la dizeli, limechoka kuliko mwenyewe. Akiliwasha, lilikohoa, likanyamaza kama linalotafuta makohozi, kisha likakohoa tena na tena mpaka likakubali kuwaka, na hata likiwa njiani halikuacha. Watu wakaliita Kifua. Vijana wa sokoni walimwuliza mzee kama amekipeleka Kifua kupigwa picha hospitali, naye aliwajibu kwamba Kifua kitawazika wao na wajomba zao. Alijibu akicheka, lakini mzaha ukirudiwa kila siku huchubua.

Hapa sikilizeni vizuri. Kitongoji chetu cha Kwamrindi kinatazamana na Msheko, katikati kuna korongo. Kunguru anavuka kabla hujamaliza kumtazama. Barabara haivuki. Inalizunguka korongo lote, inapinda na kupinda, ndipo inapita chini ya mashamba yetu. Kwa hiyo Kifua kikikohoa Msheko, sauti ilikuwa imeshafika kwetu na gari halijamaliza hata kona ya kwanza. Mwenye mgonjwa hakwenda kumlaza barabarani apigwe na ukungu. Alimweka karibu na moto, wabebaji wakakaa mlangoni na machela, wakasikiliza. Kifua kikikohoa, walinyanyua. Walishuka taratibu, na walipofika chini, gari nalo lilikuwa linatokea.

Utaratibu huo hakuna aliyeutunga. Tulijikuta tunaufuata, kama mtu anavyojikuta anajua njia ya kwao. Wala hatukuwahi kumwambia mzee Senkondo. Yeye aliyekuwa ndani ya makelele yale alijua jambo moja tu, kwamba kila akifika kwenye njia yetu, mwenye mgonjwa yupo anamngoja. Honi ya gari ilikufa miaka mingi nyuma, na hapakuwa na mtu aliyeona sababu ya kuifufua.

Mwaka mmoja, masika yakiwa yameanza, Kifua kikawa kinazimika mlimani na abiria wanashuka kusukuma. Mzee akakipeleka Same, kwa fundi aliyeitwa Mbazi. Fundi alifungua, akatazama, akasema injini hiyo imeshakula umri wake wote na sasa inakula wa mwenye gari. Alikuwa na nyingine ya Kijapani, changa bado, iliyotolewa kwenye gari la kisasa lililogongwa ubavuni. Tatizo ni kwamba ya zamani na mpya hazikulingana maungo. Mbazi alikata vyuma na kuchomelea vikalio vingine vya injini, akachonga bamba la chuma la kuunganisha injini mpya na giaboksi kuukuu, akarefusha mabomba ya maji. Mzee Senkondo hakutoka gereji. Alimshikia taa, akampa spana, akachoka naye.

Kazi ilikuwa safi. Nataka mlijue hilo, kwa sababu wako wanaosimulia habari hii wakiilaumu injini. Haikuwa na kosa. Ilipowashwa, fundi aliweka bilauri ya chai juu ya boneti, na chai ikatikisika kidogo tu, kama uso wa mtoto anayeota. Mzee aliitazama chai ile machozi yakamlenga. Akasema wale vijana wa sokoni sasa watafute mtu mwingine wa kumcheka.

Alirudi jioni, mvua inanyesha. Watu wa Msheko walilizunguka gari wakaliwekea masikio ubavuni kama wanaosikiliza tumbo la mjamzito. Sisi wa ng'ambo tulikuwa tumefunga milango. Jirani mmoja alikuwa ameliona kwa mbali likipanda, akatuletea habari kwamba Kifua kimerudi, na sisi tukashukuru, kwa kuwa Namkunda, mke wa Mbonea, alikuwa ameanza uchungu wa mtoto wake wa kwanza.

Kulipopambazuka, mama yetu alimpapasa. Mama alikuwa amezalisha nusu ya kitongoji. Akatuambia mtoto amelala vibaya, mikono yake haitoshi, Namkunda ni wa hospitali. Machela ilikuwa mlangoni, wanaume wanne wako tayari. Mbonea alitaka washuke saa ile ile.

“Umpeleke akalale kwenye matope?” mama akamwuliza. “Subiri. Kifua hakijakohoa.”

Tukasubiri. Manyunyu yalikuwa yakigonga bati, na kila mtu alikuwa amegeuzia sikio upande wa Msheko. Uchungu ulipomwachia kidogo, Namkunda alisema, “Labda wamekitibu.” Tukacheka wote, hata yeye. Alikuwa mtu wa hivyo, wifi yangu. Kwenye harusi yake aliwachekesha mpaka waliokuja kulia.

Kati ya manyunyu ulipita mvumo mwembamba, kama wa nyuki wanaohama. Mama akasema ni upepo kwenye miti ya migrevilea. Hapana aliyembishia.

Mvumo ule ndio uliokuwa gari. Lilishuka kutoka Msheko, likalizunguka korongo, likafika chini ya mashamba yetu. Mzee Senkondo alipunguza mwendo kama siku zote. Akasimama kabisa. Akatazama njia yetu, akaona migomba na mvua. Akajisemea kwamba leo Kwamrindi wote ni wazima, akaenda zake.

Jua lilipokuwa limepanda na Namkunda ameacha kujibu anaposemeshwa, Mbonea alisimama, hakumwuliza mtu. Tulishuka naye wote. Barabarani tulikuta alama za matairi kwenye tope, mbichi, kingo zake bado zimesimama. Mbonea alichutama akazigusa kwa vidole. Aliponyanyuka alishika mti wa machela mwenyewe, akamsogeza mtu wa mbele, tukaanza kwenda mjini kwa miguu.

Hatukufika. Namkunda alikata roho tulipokuwa tunavuka mto, na mtoto hakuwahi kutoka. Mama alimfunika uso kwa khanga yake. Tukageuza.

Tulikuwa tunapanda, mbebaji wa nyuma alipotazama begani akaona gari limesimama nyuma yake karibu kumgusa. Hatukulisikia likija. Mzee Senkondo aliteremka na uso wa mtu aliyejiandaa kusifiwa. Kisha akaiona khanga.

“Ni nani?”

“Mke wangu,” Mbonea akasema.

Mzee akavua kofia. “Mbona hamkumleta barabarani, mwanangu? Nilisimama pale kwenu. Nikatazama juu. Hapakuwa na mtu.”

“Tulikuwa nyumbani, tunakusikiliza.”

“Mnanisikiliza vipi?”

“Siku zote tunakusikiliza, baba. Kifua kikikohoa ndipo tunanyanyua machela.”

Mzee aligeuka akalitazama gari lake. Injini ilikuwa inafanya kazi, naye, kwa kuwa mvua imezidi, ilimbidi aweke kiganja juu ya boneti ndipo ahakikishe.

“Sikujua,” akasema. “Hakuna aliyeniambia.”

“Nasi hakuna aliyetuambia.”

Tulimpakia Namkunda. Gari lilitupandisha mlima ule bila kuhema, na sijawahi kuchukia wepesi wa kitu kama nilivyouchukia siku ile.

Msibani mzee Senkondo alikaa nje na wanaume, hakula. Siku ya kuanua matanga alisimama mbele ya watu akasema injini ya zamani bado iko gereji, atairudisha, gari likohoe kama lilivyokuwa likikohoa, na anayetaka kumcheka amcheke mpaka kaburini. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mbonea akakataa.

“Usiirudishe. Ile ilikuwa inakufa, ingeua mtu mwingine mlimani. Hii inafika hospitali mapema. Injini sina ugomvi nayo.” Watu wakadhani amemaliza. “Lakini ungebadili mlio ukayaarifu masikio yetu, leo ningekuwa na ugomvi na Mungu peke yake.”

Baada ya hapo mzee Senkondo alifanya jambo ambalo wengi walilishangaa. Alimkalisha mkewe kwenye usukani kule Msheko, gari likiwa linaunguruma, yeye akashuka korongo kwa miguu, akapanda upande wetu, akaingia nyumba baada ya nyumba. Kila nyumba aliketi karibu na moto pamoja na wenyeji, akawaomba wasikilize. Honi aliitengeneza baadaye, lakini alitaka kwanza watu waujue mlio wenyewe. Na nadhani yeye pia alitaka kuujua, maana tangu anunue gari hakuwahi kulisikia kutoka ng'ambo.

Nyumba ya Mbonea aliifikia mwisho. Nilikuwepo. Kaka yangu alimwonyesha kigoda kando ya jiko, pale tulipokuwa tumemlaza Namkunda. Mzee aliketi, akainamisha kichwa. Akasikiliza muda mrefu.

“Sisikii kitu,” akasema.

“Utausikia,” Mbonea akamjibu. “Ni mwembamba. Kama nyuki.”

Wakakaa hivyo, wawili. Kisha nikaona mabega ya mzee yanaanza kutetemeka, nikajua mlio umemfikia. Mbonea alinyoosha mkono akamshika goti, akauacha hapo.

Watu waliyachukua maneno ya kaka yangu, wakayafupisha, kama maji yanavyofupisha jiwe. Aliyesema amekwisha kufa, na wanaoyasema leo wengi hawakumjua Namkunda. Yanasemwa vile vile:

Ukibadili mlio, yaarifu masikio.