Mrushaji wa Korogwe

Karata haiumwi bega. Mmemsikia mama mkubwa akimtupia mjomba wenu maneno hayo, mjomba akanywea, nanyi mkaja mbio kuniuliza yametoka wapi. Basi tulieni. Yalitoka Korogwe, kwenye mchezo.

Zamani huko palikuwa na ligi ya besiboli: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo. Ligi ilikufa, mapenzi yake yakabaki. Miaka mingi baadaye wapenzi wake walitengeneza karata, kila mchezaji wa kale na yake, ikionyesha uwezo wake, wakawa wanaurudia msimu wa zamani mezani kwa kutupa dadu. Kanuni ilikuwa moja: karata ya mrushaji ikishacheza siku mbili hulazwa kifudifudi, ipumzike kama mtu.

Mhina aliiongoza timu ya marehemu baba yake, kocha aliyelikosa kombe siku ya fainali. Nyumbani kwao iliaminika kwamba walishindwa kwa sababu Kilua, mrushaji wao hodari, aligoma kucheza. Mhina alikua na uchungu huo. Alitaka baba apate kombe lake, japo la mezani.

Fainali ya mezani ilipofika, walimwalika Mzee Kilua mwenyewe. Mhina alimwamkia shingo upande. Mchezo ulipomwendea vibaya, akaifunua karata ya Kilua iliyokuwa imelazwa.

"Ndugu yangu, huyo karusha jana na juzi," alisema Semboja, mpinzani wake. "Mwache apumzike."

"Apumzike nini? Karata haiumwi bega!"

Watu wakacheka, hata Mzee Kilua akatabasamu. Kwa heshima, wakamwomba aitupie dadu karata yake mwenyewe. Akazipokea kwa mkono wa kulia.

"Mzee, si ulikuwa mashoto?" Mhina aliuliza.

"Nilikuwa, mwanangu. Baba yako alinipanga siku tatu mfululizo. Asubuhi ya fainali nilishindwa kufunga kifungo cha shati. Mpaka leo mkono huu haupandi."

"Lakini walisema uligoma."

"Walisema."

"Mbona hukujitetea?"

"Nimshtaki kocha wangu kwa nani? Nilimpenda. Alikuja chumbani kwangu akaniomba radhi huku analia. Mbele ya watu hakuweza."

Mhina alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu utotoni alikuwa akimsema mzee huyu, sokoni, arusini, hata msibani, akimwita msaliti. Aibu ya baba ikamwangukia pamoja na yake, na hakujua aanze kuitua ipi.

Akailaza karata kifudifudi. Mrushaji aliyebaki alikuwa dhaifu, wakapigwa vibaya, na baba akalikosa kombe mara ya pili. Hakuna aliyemcheka Mhina. Afadhali wangemcheka.

Ndipo akasimama. "Mzee Kilua hakugoma. Baba yangu alimwumiza akanyamaza, nami nimemchafulia jina maisha yangu yote."

Mzee alifuta macho kwa mkono wa kulia.

Tangu hapo, mtu akikaa kitini akaanza kupanga jasho la wenzake, watu wa Korogwe humrudishia maneno yale yale aliyoyasema Mhina kwa majivuno. Na Mhina, akiwapo, huwa wa kwanza kuinamisha uso: karata haiumwi bega.